Komeo la Kitalu cha Nyumbani

4 Februari

Binti yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi kimekuachia. Mimi sijambo, ukiyaondoa magoti, ambayo siku hizi yana msimamo wao.

Unataka kujua ushirika unaniendeaje, kwa kuwa ni wewe uliyenisukuma nijiunge na ni wewe uliyevipima vitalu vyake vya malisho. Ng'ombe wetu sote sasa ni kundi moja. Kundi huingia kitalu kimoja, hula na kukanyaga kwa muda mfupi, kisha huhamishwa, na ardhi iliyoachwa hupumzika mpaka nyasi zirudi. Kitalu kilicho nyuma ya nyumba yangu kimewekwa akiba ya kiangazi. Hata ndama haruhusiwi kukanyaga. Nyasi zimenifika kiunoni, na ng'ombe wangu mzee, Bibi Harusi, anazitazama kutoka ng'ambo ya waya. Akili yangu imeuelewa mpango. Macho ndiyo yanayokataa.

Jioni bado natoka kugonga debe la chumvi kuwaita ng'ombe, kwa mazoea tu. Zamani aliinua kichwa Bibi Harusi peke yake. Sasa huinua kundi zima.

Baba yako

19 Februari

Shikamoo Baba,

Kikohozi kimekwisha, kazi ndiyo haiishi. Acha kugonga debe, utaitisha mkutano usio na ajenda. Nyasi nazo zivumilie: zikipumzika, mizizi hushuka, na ukija ukame utanikumbuka kwa wema.

Jambo moja dogo. Barua yako ya tarehe nne ilinifikia mara mbili, katika bahasha mbili, neno kwa neno. Je, ulikuwa na nakala ukaituma kwa bahati mbaya?

Binti yako

11 Machi

Binti yangu mpendwa,

Nakusalimu, nikitumaini afya yako ni njema kuliko usingizi wangu. Sikuwa na nakala. Hilo tuliweke kando kwanza.

Juzi asubuhi kundi lote lilikutwa ndani ya kitalu cha nyumbani. Akiba ya kiangazi imelala chini kama mkeka. Waya haukukatika. Komeo la lango lilikuwa limenyanyuliwa kwa ustaarabu kabisa, na lango hilo linatazamana na mlango wangu wa nyuma. Mchungaji wetu, yule tunayemwita Mbavu, alinijia moja kwa moja.

"Karani, ulifungua wewe?"

"Sikufungua."

"Una hakika?"

Maisha yangu yote nilikaa mahakamani nikiandika ushahidi wa wengine, na sasa nimeshindwa kutoa wangu. Jioni ile nilitoka na debe, hilo nalikumbuka. Kurudi ndani sikukumbuki.

Wanachama watakutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Wakinitoa, ng'ombe watarudi mikononi mwangu, na kwa magoti haya siwezi kuwachunga. Itanibidi niwauze, nije kukaa kwako ghorofa ya nne, nikichunga magari kupitia dirishani.

Baba yako

18 Machi

Shikamoo Baba,

Nimeirudia barua yako, na kila nikiirudia nazidi kutoelewa. Chumba kipo, wala huhitaji kuomba. Lakini sitaki uje kwa kufukuzwa. Kwenye mkutano usiseme "sikufungua" kama hujui. Usiseme pia "nilifungua" ili mradi swali liishe. Nakufahamu: hupendi ukurasa wenye pengo.

Binti yako

2 Aprili

Binti yangu mpendwa,

Hujambo? Mimi nipo, na nipo hapa hapa. Sikiliza ilivyokuwa.

Tulikutana kwenye banda la mizani. Mwenyekiti, mama mwenye subira kubwa, aliniuliza swali lile lile, nami nikajibu kwamba sijui. Watu wakanung'unika. Mbavu akasema, "Umeapisha watu miaka na miaka, leo kiapo chako kimekwama kooni?" Akaokota debe na kuligonga, akiniigiza hadi kuchechemea kwangu. Waliocheka walikuwa wengi.

Kicheko hakijaisha, Bibi Harusi akafika kwenye lango la kitalu kinachopakana na banda. Akapitisha ulimi chini ya komeo, akalinyanyua, akalisukuma lango kwa paji la uso, akatujia. Kundi lote likamfuata. Mwenyekiti akamtazama, akauliza, "Na huyu naye tumpigie kura?"

Basi nimebaki. Malango yote yametiwa pini. Mvua imenyesha, na kile kitalu kilichoharibiwa kimeota kijani kuliko vilivyotunzwa. Sielewi kwa nini.

Kuna jingine. Kila mtu ameridhika kwamba ni ng'ombe. Lakini kiganja changu kinakumbuka ubaridi wa lile komeo, na uzito wake lilipopanda. Huenda ni jioni ile; huenda ni jioni nyingine, ya mwaka mwingine. Nimeichunguza kumbukumbu hii kama ambavyo ningemchunguza shahidi, na haijikanganyi.

Hili usinijibu. Nijibu kuhusu nyasi.

Baba yako

13 Aprili

Shikamoo Baba,

Kuhusu nyasi: sikupanga hivyo, na ramani yangu haina maelezo. Labda kukanyagwa usiku mmoja na samadi ya kundi zima ndicho ardhi ile ilichohitaji. Labda ni mvua tu. Nami sielewi.

Nimeomba likizo nije nizione kwa macho yangu. Nitakaa muda mrefu kuliko ninavyokaa siku zote. Jioni, ukitoka na debe, nitatoka nawe.

Binti yako