Chuma cha Mama wa Mfalme Hakoni

Kitale,
12 Aprili, 1948

Mwanangu Mukhisa,

Pokea salamu nyingi kwa jina la Bwana wetu. Mimi mzima kabisa, na hapa Kitale hakuna mpishi wa kunifikia. Wazungu wa mbali huja ati kuuliza bei ya mahindi, kumbe ni mkate wangu. Je, kifua cha mama yako Rispah kimepoa?

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema Jumamosi wazee wa ukoo wanakaa hapo Sirisia wanikabidhi shamba la marehemu kaka yangu Jotham, kwa kuwa wewe si damu yake, na kwamba umefunga mizigo uhamie Naitiri. Fungua hiyo mizigo. Kwanza nikupe habari.

Mzungu wangu ni mtu wa Norwe, na mkewe hunisimulia mambo ya kwao nikipiga pasi. Zamani, zaidi ya miaka mia saba, walikuwa na mfalme jina lake Hakoni. Baba yake, naye mfalme, alifariki kabla yeye hajazaliwa, kama wewe. Akiwa bado mdogo adui walitaka kumwua, basi mashujaa wawili wakamvusha mlima kwenye theluji, wakiteleza kwa mbao miguuni. Mimi ningembeba peke yangu, na gunia la mahindi juu.

Alipofika miaka kumi na tatu akafanywa mfalme, lakini wengine wakasema si mtoto wa marehemu. Ndipo mama yake, Inga, akakubali kubeba chuma cha moto mbele ya watu, ili mkono wake utoe ushahidi: usipoungua, basi anasema kweli. Sasa, Wazungu huita chuma na pasi jina moja. Nikamwambia memsabu hilo si jambo, mimi hubeba pasi ya makaa kila Jumatatu. Alicheka mpaka akakaa chini. Akanieleza ni chuma kitupu, hakina mpini. Nikajaribu kipande kidogo kutoka moto wa jikoni. Bana, nilikiangusha kabla sijakiinua.

Inga alitembea nacho. Mkono ukafungwa kitambaa, na walipokifungua baada ya siku chache ulikuwa safi, na mwanawe akatawala miaka arobaini na sita, akavishwa taji, akafia visiwa vya mbali akiwa bado mfalme.

Tangu memsabu anisimulie hayo sina raha, na sababu ni hii. Ulipozaliwa, wazee walidai Jotham hakukanyaga nyumbani mwaka ule, na mama yako alisimama mbele yao akasema alitoka kwenye kazi ya reli akakaa nyumbani siku tatu, akarudi kazini, ndipo akafa. Wakamwuliza nani mwingine alimwona. Akanitazama mimi. Nikanyamaza.

Nilimwona, Mukhisa. Nilikula naye ugali, tukagombania paja la kuku. Nilinyamaza kwa tamaa ya lile shamba.

Ijumaa nashuka na baiskeli, nipewe ruhusa nisipewe. Nitawaambia: "Jotham alikuja, nilimwona, na huyu ni mwanawe." Watasema ni Wekoye yule yule na chumvi yake. Nami nitawauliza, mtu hudanganya ili ajinyang'anye shamba?

Mama yako usimwambie. Nitapita kwake kwanza nimwambie kwa mdomo wangu, hata akinifungia mlango.

Nisalimie mkeo Edah na wote wa boma. Mvua imeanza, wewe panda.

Ni mimi baba yako mdogo,
Wekoye