Chupa ya Dolphine

Kitengela, 9 Agosti 1998

Mjomba Khaemba,

Huku niko salama, ila vumbi imetumaliza. Gitaa nafanya vile ulinifundisha: kidole gumba peke yake wiki nzima, ndio vingine vifuate, polepole, bila kuangalia nyuzi.

Lakini nikianza kupiga, kuna chupa ya soda inagongwa na msumari huko jikoni, ikinishikia mdundo vile marehemu mke wangu alikuwa akinigongea. Nikiharakisha, inanyamaza mpaka nirudi mwanzo. Dolphine alikuwa hivyo hivyo. Sijathubutu kuingia kuangalia.

Mjomba, ile chupa yake wewe ndiye ulienda nayo siku ya mazishi. Tafadhali itafute hapo kwako. Ukiipata, usiniandikie.

Mpwa wako,
Wasike