Sauti Iliyotetemeka Redioni

Baba, shikamoo.

Huku Magamba milimani ni baridi, tunakula viazi humu humu jikoni, karibu na moto. Jana magharibi nilikusikia redioni, katika kipindi cha salamu, ukinisalimu, sauti ikitetemeka. Nikadhani homa imekurudia, nikaweka kiazi chini. Mwenyeji wangu, Mwalimu Saidi, akasema, "Hebu msikilize mtangazaji." Kijana yule alikuwa akikuuliza jambo, naye sauti yake ikatetemeka vilevile. Mwalimu akanieleza kuwa jua likishazama, hewa ya juu kabisa inayoturudishia mawimbi ya redio huchafuka kama maziwa yanayochemka, na kila sauti hupita humo. Baadaye ikatulia, nikakusikia ukicheka kicheko chako kilekile. Alhamdulillahi, Baba. Ilikuwa mbingu tu.

Jifunike vizuri.

Mwanao,
Zaina