Kipa Niliyemwona kwa Kinyozi

Mwanangu mpenzi,

Sisi wazima, cherehani tu ndiyo inakohoa. Jana nilikwenda kwa kinyozi, ingawa unajua sina nywele, kwa kuwa ana televisheni na fainali yenu ilikuwa ikionyeshwa. Kipindi cha pili nilishangilia bao peke yangu, kumbe mkitoka mapumziko mnabadilishana magoli. "Fundi, tumefungwa sisi!" kinyozi akanicheka.

Ulipodaka penalti ya mwisho, chumba kizima kilisimama.

"Huyu kipa ni mtoto wa nani?" mmoja akauliza.

"Wangu mimi," nikajibu.

Miaka miwili nimekunyima salamu kwa sababu ya mpira. Nilikosea, mama. Njoo nyumbani na hiyo jezi. Inakubana mabegani, na mtoto wa fundi hachezi hivyo.

Baba yako, shabiki mgeni