Mstari wa Yona

Nangwa, Hanang,
14 Novemba 2024.

Mpendwa Dada Sada,

Shikamoo. Habari za Tunduma? Goti limepona, au bado linakutabiria mvua? Shemeji Abdillah na watoto hawajambo? Sisi tuko salama. Mama anakula, anasali na ananisema, kwa hiyo ni mzima kabisa.

Mvua zimeanza. Tangu yale maporomoko ya tope ya mwaka jana, wingu likitua juu ya mlima watu huacha kuongea mpaka liondoke.

Uliuliza kazi inaendaje. Siku hizi natazama watoto wanavyosoma. Chuoni tulifundishwa kuwasikiliza. Kuwatazama nimejifunza mwenyewe, kwa umbea tu. Darasa likisoma kwa pamoja, nusu yao wanaimba huku macho yakiwa dirishani. Kidole kiko mstari wa kwanza, mdomo umeshafika wa tatu.

Sasa kuna Ernestina, wa darasa la pili. Maporomoko yalimchukua kaka yake, Yona, na yeye akaletwa kwa bibi yake hapa Nangwa. Mwalimu wake, Vicent, alitaka arudie darasa kwa sababu anaruka mistari. Anasoma wa kwanza, ananyamaza, anasoma wa tatu. Nikaomba nimtazame kwanza. Vicent akacheka, "Mwalimu Zulfa, umekuwa daktari wa macho?"

Nikakaa pembeni, nikajifanya nasahihisha madaftari. Dada, haruki. Kwenye mstari wa pili macho yanatembea neno kwa neno, kidole kinafuata, midomo imefungwa. Kisha anatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyesikia vizuri, ndipo anaendelea.

Nikamuuliza taratibu mbona huo hausomi.

"Huo ni wa Yona."

Kumbe nyumbani walikuwa na kitabu kimoja, wakisoma kwa zamu, mstari wa huyu, mstari wa yule.

Nilipomweleza Vicent, hakucheka tena. Juzi akaketi naye kwenye dawati, akamwacha asome kwa namna yake, halafu akamuuliza maswali ya ile mistari ya kimya tu. Akajibu yote, hata pale mimi ningebabaika. Vicent akamwambia basi, utapanda darasa la tatu. Mtoto akashukuru, lakini hakuinuka.

"Mwalimu," akasema kwa adabu, "naomba usogee kidogo. Umemkalia."

Vicent akasogea, dada, tena haraka. Nami walipotoka nilijibanza mlangoni, nikaacha nafasi ya watu watatu.

Nisalimie Shemeji, na Halfani, na Raudha. Huyo Raudha akisoma, acha sufuria, kaa umtazame. Mungu aifunike nyumba yenu, na mlima wowote ulio karibu nanyi ukae palepale ulipo.

Mdogo wako akupendaye,
Zulfa