Nyumba Niliyoichoma Mimi

Kaka Mbwana, shikamoo.

Najua ungekuwa hai ungenirushia kigoda kabla sijamaliza salamu. Ni mimi, mdogo wako Saidi, naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nimejifunza kwenye kisomo cha watu wazima, nimekaa benchi moja na akina mama nikichora a, e, i na ndevu zangu zote. Uvumilie mwandiko.

Tangu ufe nimeishi kama mnyama. Nilimpiga mke wangu Zaina chumvi ikizidi, nikampiga ikipungua, mwisho nikamvunja mkono. Mbuzi wa jirani aliingia uani nikamchapa mpaka akafa. Zaina akafunga kanga zake akarudi kwao Mkumbara. Kwenye shamba la kijiji nilikuwa nashika jembe, nasimama palepale mpaka jua linakuwa kali, mguu hauendi mbele wala nyuma. Mama akawa anawaambia watu kwamba mwanawe anaugua majonzi ya kaka yake. Nikamwacha aseme hivyo.

Arobaini yako niliitia aibu. Mzee Shija, yule Mnyamwezi aliyekata mkonge Korogwe miaka mingi kabla ya kuja kuwa dresa wa zahanati yetu, alikuja kama mtani anavyopaswa. Alivaa kofia yako, akachechemea kama wewe, akadai chai kwa sauti yako ile ya puani. Watu walicheka huku wanalia, hata Mama. Mimi nikamrukia, nikamtoa jino kwa ngumi. Mtani hapigwi, Kaka, unajua. Wazee walinitazama kama nimekojoa msikitini.

Halafu siku moja, kwa hasira nisizojua zimetoka wapi, nilipiga ngumi mwimo wa mlango mpaka vidole vikapasuka. Zahanati ni moja, na dresa ni yuleyule mwenye pengo. Akanisafisha bila haraka.

"Wewe Mzigua," akasema, "ulikuwa unampiga nani?"

Nikamtukana matusi yote ninayoyajua. Akacheka, akanifundisha mengine mawili ya kwao. "Njoo Alhamisi tubadilishe bandeji."

Nikaenda, na Alhamisi iliyofuata nikaenda tena. Kidonda kilipona, naye akaendelea kunifunga bandeji juu ya ngozi nzima, mimi nikajifanya sijaona. Hakunipa ushauri wala kuniombea dua. Aliuliza tu, "Ikawaje?" kisha anaviringisha bandeji polepole, kuku wakiparua nje. Mtu mwingine angeniuliza vile ningemkata panga. Lakini mtani ana ruhusa ya kukuvua nguo hadharani, na huwezi kumkasirikia. Nilianza na habari za mbuzi, nikaja kwa Zaina, nikalia mbele ya mwanamume mwenzangu. Siku hizo nikirudi nyumbani nilikuwa nalima matuta mawili matatu.

Mwishowe nikasema lote. Kwamba siku serikali ilipotuhamishia kijijini kwa lazima, mimi mgambo nilitumwa kung'oa milango tu, watu wasirudi. Moto hakuna aliyeniagiza. Asubuhi ile uliniita mbwa mbele ya wenzangu, ukanitemea mate usoni. Nikasubiri lori lijae, nikawasha nyasi za paa letu kwa chuki yangu mwenyewe. Nilidhani umeshapanda. Kumbe ulirudi jikoni kuchukua mbegu za mahindi zilizotundikwa juu ya meko. Nikasikia mtu anakohoa ndani. Kaka, nilikusikia. Nikasema moyoni, acha ateseke kidogo, atatoka. Paa likashuka.

Nilitapika kwenye beseni lake la dawa. Alinishika kichwa mpaka nikamaliza. Hakusema nimesamehewa. Alisema, "Mama yako bado anaamini ni cheche za meko."

Nilimwambia Mama juzi, mchana, akitwanga. Alinipiga kwa mchi begani, mgongoni, akanipiga tena mpaka pumzi ikamwishia. Sikujikinga, na mikono yangu, ambayo imezoea kurudisha, ilitulia magotini. Akakaa chini. Kisha akasema, "Mimi umeniambia. Mwenyewe hujamwambia." Tangu hapo hajanisemesha, ila chakula ananiachia mlangoni.

Ndiyo maana naandika. Jumamosi tunarudi kwenye mahame yetu huko Handeni porini, kaburini kwako, mimi na Mama na Mzee Shija. Zaina amenitumia salamu kwamba atakuja kusikiliza, hakusema kama atarudi kwangu. Ana haki. Ninaogopa, Kaka, kuliko nilivyoogopa kitu chochote, lakini safari hii miguu inakwenda.

Kwaheri, ndugu yangu wa tumbo moja. Siwezi kukuahidi kwamba nimekuwa mtu mwema. Ninakuahidi kwamba yeyote atakayeniuliza ulikufaje nitamjibu kwa jina langu, na kwamba mkono huu hautampiga tena mtu wa nyumbani mwangu. Barua hii nitakusomea yote kwa sauti. Mama hajui kusoma, lakini amemtuma Shija aniambie kwamba nikiruka neno atajua.

Sitaruka.

Mdogo wako,
Saidi