Ngitili Isiyo na Ng'ombe

Bariadi, 11 Machi 2024

Mdogo wangu Kwandu,

Mwangaluka, mayu. Tumsifu Yesu Kristo. Hapa nyumbani tunaendelea, kikohozi cha Mashimba kimepungua ila uvivu wake wa kunywa dawa uko palepale. Huko Kalemela mmeamkaje? Mgongo wa shemeji Maduhu vipi? Na ng'ombe wetu mliotupokelea, wamezoea zizi la watu? Nakuandikia kwa sababu nyumba hii unaijua, nikishika simu tu mume wangu anaacha anachofanya anakuja kukaa karibu. Barua utapewa na kondakta wa basi la Lamadi.

Wale watu wa mipango miji walikuja. Mji umepanuliwa, mtaa wetu sasa uko ndani ya mji, kwa hiyo kila kipande cha ardhi lazima kiandikwe kwenye ramani kinatumika kwa kazi gani. Walikuwa na binti mmoja anaitwa Violeth, mpole, ameshika kile kisimu kikubwa kama sahani. Wakapita kwenye nyumba, wakapita kwenye pamba, mwisho wakafika kwenye ngitili. Unajua tumeifunga tangu mvua za kwanza kama kila mwaka, nyasi zikae akiba ya kiangazi. Zimefika kiunoni.

Violeth akauliza, "Baba, hapa mnafanyia nini?"

Mashimba na ile hofu yake ya kuhesabiwa ng'ombe, akajibu haraka haraka, "Hapa hakuna ng'ombe."

"Mnalima?"

"Hatulimi."

"Kwa hiyo hamfanyi kitu."

"Hatufanyi kitu," akasema, tena anacheka.

Binti akabonyeza kisimu chake, wakaondoka. Mume wangu jioni alikula kama mtu aliyetoka harusini, anajisifu kwamba kuwahamishia ng'ombe kwenu ilikuwa akili kubwa. Mimi sikucheka. Nilishika rozari nikasali, na bado moyo haukutulia. Sikuweza kumwambia yeye, ndiyo maana nakuambia wewe.

Dada yako,
Milembe

*

Kalemela, 30 Machi 2024

Dada Milembe,

Shikamoo. Salamu zako zimefika na sisi tuko wazima, mgongo wa Maduhu unauma siku za kulima tu, siku za sikukuu haumuumi. Watoto wanakusalimia.

Nimecheka mpaka nikakaa chini. Huyo shemeji yangu, siku ya hukumu malaika wakimuuliza ana ng'ombe wangapi atawaambia yeye ni fundi cherehani. Mwambie ng'ombe wake hawajambo. Yule mwekundu mwenye pembe iliyoinama amejipa ukubwa wa zizi, wetu wote wanampisha.

Neno moja tu, dada. Majani huku yapo sasa hivi kwa sababu ya mvua. Mpunga ukishakomaa hakuna pa kuchungia, kila kipande kina mwenyewe. Mwezi wa sita ukiisha wawe wamerudi kwenye ngitili yao. Maduhu amesema niandike hivyo, na mimi nakubaliana naye, jambo ambalo halitokei mara nyingi.

Mdogo wako,
Kwandu

*

Bariadi, 8 Juni 2024

Mdogo wangu Kwandu,

Amani ya Bwana iwe nanyi. Afya tunamshukuru Mungu, ila usingizi sina. Nisamehe nikienda moja kwa moja.

Ramani imebandikwa ukutani, ofisi ya kata. Nilienda nikaona ngitili yetu imepakwa zambarau. Deogratias wa duka la dawa ndiye aliyenisomea maana ya rangi: maghala na maegesho ya malori. Pembeni wameandika kwamba eneo halitumiki. Chini kuna tangazo, mwenye pingamizi aandike kabla muda haujaisha.

Nikaandika. Nikaipeleka kata, wakasema haipokelewi hapa, peleka halmashauri. Nikaenda halmashauri, wakasema lazima ipitie kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti wetu Malimi alikuwa ameenda msibani Maswa. Aliporudi akaniambia anagonga muhuri, lakini muhuri uko kwa mtendaji, na mtendaji yuko semina. Kwandu, nimezunguka na ile barua kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Imepokelewa muda ukiwa unakaribia kwisha.

Mashimba alitaka ng'ombe warudi kesho yake, waonekane. Malimi akamwambia, "Mzee, ukiwarudisha wanakamatwa. Humu sasa ni mjini, kuchunga kumepigwa marufuku." Tukatazamana. Tangu tuzaliwe hapa ni kijijini, tumelala tukaamka mjini, na hakuna aliyetuambia usiku gani.

Nakuomba mdogo wangu, muwashike mpaka mkutano wa kusikiliza pingamizi. Najua mlisema mwezi wa sita. Mwombe Maduhu kwa niaba yangu, mimi naona aibu.

Dada yako,
Milembe

*

Kalemela, 29 Juni 2024

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima.

Ng'ombe wenu waliingia kwenye mpunga wa jirani yetu Ndaki, ukiwa umebaki kidogo tu uvunwe. Ndaki aliwafungia kwake. Maduhu alikwenda kuomba msamaha mbele ya watu, yeye ambaye haombi msamaha hata akikukanyaga. Wametolewa kwa kumwachia Ndaki ndama wetu mmoja. Wetu, si wenu.

Maduhu haongei na mimi. Yaani anaongea, lakini anaongea na ng'ombe mimi nikiwa nimesimama pale. "Hamna kwenu nyie?" anawaambia. "Kwenu mmepakwa rangi?"

Sina hasira na wewe. Lakini tuambie lini.

Kwandu

*

Bariadi, 20 Julai 2024

Mdogo wangu Kwandu,

Nawasalimu wote kwa upendo, na Maduhu mpigie magoti kwa ajili yangu. Habari ya ndama imeniumiza. Mashimba aliposikia alitoka nje akakaa na jembe mkononi mpaka giza, halimi chochote.

Mkutano ulikuwa jana, darasani shule ya msingi. Nimesimama. Violeth akaniuliza kwa heshima, "Mama, umeandika eneo ni la malisho. Mifugo iko wapi?"

Nikasema iko Kalemela.

Darasa zima likacheka. Mayige, yule fundi baiskeli, akapaza sauti, "Mashimba, ng'ombe wako wamehamia ziwani wanavua sangara?"

"Kwa nini iko Kalemela?" Violeth akauliza.

Sikutaka kudanganya, Kwandu. Asubuhi nilikuwa nimepokea komunyo. Nikasema tuliwaficha msiwahesabu.

Mume wangu aliinamisha kofia. Afisa mwingine, mwanaume, akafungua sheria ndogo za mji akasoma. Maana yake kwa maneno yangu ni hii: ng'ombe kama hawapo, eneo ni tupu na linafaa kwa maghala. Ng'ombe kama wapo, tuna kosa. Nikamuuliza, "Sasa mwanangu, niwe na ng'ombe au nisiwe nao?" Akasema hilo si swali la mkutano huu.

Mwisho nikawaambia wayaache mambo ya ng'ombe, waangalie nyasi. Kila eneo huku kiangazi ni vumbi, pale tu ndipo pamebaki. Nikaomba nyasi zibaki. Violeth aliandika, nilimwona kwa macho yangu.

Sasa faili linakwenda kamati, halafu madiwani, halafu mkoani, halafu Dodoma. Nimeuliza inachukua muda gani, nikaambiwa inategemea. Inategemea nini, hakuna anayejua. Nyasi zimekauka vizuri, zimesimama, zinanukia. Mashimba ameambiwa asiingize hata mbuzi mpaka majibu yatoke. Kila asubuhi anakwenda kusimama pale kwenye uzio, anaangalia.

Nimemwambia Mungu kwamba nimechoka. Sikupamba maneno.

Dada yako,
Milembe

*

Kalemela, 25 Agosti 2024

Dada Milembe,

Shikamoo. Kaa kwanza ndipo usome.

Yule mwekundu amekufa. Hakuwa na ugonjwa, ni njaa. Wengine mbavu unazihesabu ukiwa mbali. Tunawapa mabua ya mahindi na pumba za mpunga, hayatoshi hata kwa wetu. Maduhu sasa anaongea na mimi, na heri asingeongea, maana anasema atawapeleka mnadani nusu yao kabla hawajafa wote bure. Mimi nimemzuia kwa machozi, na machozi yangu unajua hayadumu.

Huko kwenu nyasi zimesimama na huku ng'ombe wanaanguka. Hilo faili lina moyo gani?

Mdogo wako,
Kwandu

*

Bariadi, 2 Oktoba 2024

Mdogo wangu mpendwa Kwandu,

Mungu awape nguvu wewe na nyumba yako. Mashimba anawasalimu, safari hii amesema nimwandike kwa jina, kwamba anaomba radhi kwa Maduhu kama mwanaume kwa mwanaume.

Majibu yametoka. Niliitwa ofisini, ramani mpya iko mezani, na ngitili yetu haina zambarau. Ni kijani. Nilipiga magoti palepale sakafuni, karani akadhani nimeanguka. Nikamshika Violeth mikono, nikamwambia Mungu akulipe mwanangu, sasa naagiza ng'ombe leo.

Halafu akanisomea. Ni eneo la wazi la mji. Hakuna kujenga, hakuna kulima, hakuna kulisha mifugo.

"Mama, tulikusikia," akasema. "Uliomba nyasi zibaki. Zimebaki." Na hakuwa ananidhihaki. Aliona kweli amenisaidia. Nilitembea mpaka nyumbani sioni njia.

Nilimweleza mume wangu. Nilitegemea atapiga kelele. Aliuliza kitu kimoja tu: "Wamesema ng'ombe wasiingie. Wamesema nyasi zisitoke?" Nikarudi kuuliza. Yule afisa wa kiume akakuna kichwa, akasema kukata nyasi eneo la wazi kunahitaji kibali, niandike barua ya kuomba, ipitie mtaa, ipitie kata.

Kwa hiyo ng'ombe wasije. Mwambie Maduhu asiwapeleke mnadani, atengeneze nafasi kavu pembeni ya zizi. Wanawake wa jumuiya wanakuja alfajiri na mundu zao, na kijana wa Mayige amepata Fuso inayorudi Lamadi tupu baada ya kushusha mizigo. Mzigo wa kwanza wa nyasi utafika na barua hii.

Barua ya kuomba kibali nimeshaiandika na nimeshaipeleka. Wakati nasubiri majibu, nafyeka.

Dada yako,
Milembe